Wanunuzi Walipokuja Buruburu

Jumamosi, Mei 1984

Leo mume wangu alileta watu kuiona nyumba yetu, na talaka yenyewe haijaisha. Mke wa mnunuzi akauliza kwa nini tunauza nyumba nzuri hivi.

"Tunahamia mashambani," mume wangu akajibu, akitabasamu.

Tunahamia! Mimi na watoto tutabanana kwa mama yangu huko mtaa wa Shauri Moyo, chumba kimoja.

Nikamvuta yule mwanamke jikoni. "Dada, amekudanganya. Tunaachana, na mimi sina pa kwenda. Nakuomba msinunue."

Akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. Nikadhani labda...

"Pole sana, mama watoto," akasema. Kisha akatazama dirishani. "Na haya mapazia, mtatuachia?"

Nikamwambia ndiyo. Sijui kwa nini nilimwambia ndiyo.