Kijitabu cha Amri

Jumatatu, 6 Machi 1989
Ukurasa wa sita tena. Fundi wa Kampala ameleta disketi mpya ya programu ya ghala, na kitufe cha kuhifadhi kimehama. Kilikuwa F7, sasa F10. Nimeandika upya, nimedurufu upya. Programu ikibadilika kidogo tu, kijitabu kizima kinageuka uongo.
Naandika kwa Kiswahili kwa sababu watunza ghala wetu ni askari magereza wastaafu. Kiingereza kinawachosha. Mimi nimekulia Kiswahili, kwetu Nalufenya, Jinja. Mama siku hizi hataki kukisikia. Anasema miaka ile ya utawala wa kijeshi, askari wakigonga mlango kwa Kiswahili, mtu alichukuliwa.
Opolot, karani mwenzangu, ameondoka na lori kupeleka vijitabu vya zamani kwenye ghala letu la mji wa Kumi, huko Teso. Kule bado wanatumia disketi ya zamani. Ni kwao. Alifurahi.

Jumanne, 7 Machi
Kumi wanasema kwa redio hawajamwona. Huenda lori limeharibika.
Lakini barabara ile ina vizuizi vya wanajeshi. Najua si lori.

Jumatano, 8 Machi
Dereva amerudi peke yake. Kwenye kizuizi wanajeshi walifungua begi la Opolot wakasoma vijitabu kwa sauti. "Amri ya kwanza." "Ingiza neno la siri." "Toa ripoti." Kijana wa Teso, vita na waasi wa huko vimepamba moto, amebeba furushi la amri. Wakamshusha.
Maneno hayo ni yangu. Nilikaa siku nzima kuyatafuta, nikajisifu.


Alhamisi, 9 Machi
Nimekwenda na Bwana Masaba, mkuu wetu, kwenye kambi ya jeshi walikompeleka Opolot. Tulisimama juani muda mrefu. Kutoka nyuma ya jengo nilisikia mtu akikohoa. Sijui kama ni yeye.
Kapteni alikuwa na kijitabu mkononi.
"Mama, hii karatasi iko nasema amri. Nani natoa amri?"
"Mtu, afande. Anaipa mashine."
"Na neno ya siri? Siri ya nani?"
Nikaeleza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Bwana Masaba akaangalia viatu vyake. Ndipo nikasema, sijui nilipata wapi: afande, njoo ofisini, ufuate karatasi mwenyewe, uone ni ya mahindi na maharage tu.
Akaniangalia. "Kesho. Kama iko uongo, wewe pia nabaki na sisi."

Ijumaa, 10 Machi
Amekuja na askari wawili. Akakaa kwenye kiti changu, bunduki ya askari mmoja ikiwa karibu na sikio langu. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akisoma kila mstari. Neno la siri likakubaliwa. Orodha ya magunia ikafunguka. Nikaanza kupumua.
Ukurasa wa sita. F7. Mashine ikalia. Akabonyeza tena. Ikalia.
"Karatasi nasema hivi, mashine nasema vile. Basi karatasi si ya mashine hii."
Nikasema: ni kweli, afande, ni ya mashine ya Kumi. Kila neno lilinizamisha zaidi. Nikafungua kabati kutafuta disketi ya zamani. Nikaipata. Nikaiingiza.
Umeme ukakatika.
Eneo lote la viwanda kimya. Kapteni akainuka. Amesema atarudi kesho, na hiyo itakuwa mara ya mwisho.
Niko chumbani kwangu, mtaa wa Nkoma. Nimeswali, sikumbuki rakaa ngapi. Niliwaza kupanda basi la Jinja. Nikikimbia, Opolot amekwisha. Naogopa. Naogopa mpaka meno yanauma.

Jumamosi, 11 Machi
Umeme ulirudi kapteni akiwa tayari ameketi anasubiri. Disketi ya zamani. Kurasa zote, moja baada ya nyingine. F7.
Maharage yakahifadhiwa.
Akabonyeza tena na tena, kama mtu anayejaribu kengele. Kisha akaniambia, "Mama, naandika muzuri." Nikamshukuru. Najichukia kwa kumshukuru.
Jioni wamemwachia Opolot. Mdomo umevimba, sikio la kushoto halisikii. Nilimwita kwa jina. Akapita.

Jumatano, 15 Machi
Opolot ameacha kazi. Hakuaga.
Nimetoa "amri" kila mahali, nimeweka "hatua". Bwana Masaba analalamika karatasi zinaisha. Basi zilizobaki aandike yeye.
Kizuizi bado kipo. Kila injini ikisimama nje, nasimama na mimi.

Jumamosi, 13 Juni 1992
Kumi. Mara yangu ya kwanza kuvuka daraja la kuingia Teso tangu vita viishe na njia ifunguliwe. Opolot ndiye mkuu wa ghala hapa sasa. Barua ya kuniita aliiandika mwenyewe.
Nilikaa upande wa kulia ili anisikie. Hatukuzungumzia kambi. Aliniuliza habari za mama, nikamwambia yuko hai, mkali kama zamani. Akasema ng'ombe wa baba yake walioporwa wakati wa vita hawakurudi hata mmoja, lakini muhogo umekubali.
Watunza ghala wake wapya ni akina mama wa hapahapa. Anataka kijitabu cha Kiteso, lugha yao. Yeye alitamka, mimi nikaandika, nikikosea herufi ananisahihisha taratibu. Mpaka alasiri tulikuwa na ukurasa mmoja: namna ya kuwasha kompyuta.
Upande wa pili wa barabara watu walikuwa wanaezeka nyumba. Tulikunywa chai tukiwaangalia.