Nakuandikia Kabla Sijachukua Majibu

Babati,
Jumapili mchana.

Mama Neema, mke wangu,

Naomba barua hii ikukute unakula vizuri na mgongo umeacha kukusumbua. Kikohozi cha Neema kimeisha? Na mama, miguu yake inaendeleaje? Mimi nipo. Siandiki kwamba sijambo, maana nimeamua leo nisidanganye hata kwenye salamu.

Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Tafuta mahali ukae peke yako. Usimpe shemeji akusomee kwa sauti kama mlivyozoea. Wewe ulimaliza la saba, mimi niliishia la tano, kwa hiyo mwandiko wangu utauweza.

Kazi ipo. Tangu mkoa huu wa Manyara uanzishwe, hapa mjini kunachimbwa kila upande. Maofisa wanakuja, wanataka ofisi na nyumba. Sisi tunachimba misingi na kubeba zege. Ila nguvu zangu zimeniacha. Toroli la kokoto nalitelekeza katikati ya njia nikapumzike. Nakohoa, na suruali naifunga kwa kamba ya katani. Mwezi uliopita msimamizi aliniita pembeni akasema, "Elia, nenda hospitali. Sitaki uniangukie kwenye msingi."

Daktari alinisikiliza kifua, akaniuliza maswali nisiyopenda, kisha akaniambia niende chumba cha mwisho kwa mshauri. Chumba hicho Babati nzima inakijua. Ndipo watu wanapopimwa ukimwi.

Sasa nikuambie kwa nini miguu iligoma kunipeleka huko. Mwaka jana palikuwa na mwanamke aliyetupikia chakula pale kazini. Mimi na yeye tuliishi pamoja miezi minne. Mwezi wa kumi na moja alianza kuugua, akarudi kwao. Mimi nikaja nyumbani Krismasi, ukanipokea, ukanichinjia kuku, na sikukuambia kitu. Baadaye nilisikia kwamba amefariki. Na wewe ukaniandikia kwamba una mimba. Tangu barua yako ile ifike sijala chakula nikasikia ladha yake.

Nimeandika. Kama umeitupa chini barua, iokote, kwa sababu kuna mengine ya kukuhusu.

Mshauri ni mama wa makamo, Mwiraqw wa upande wa Dareda. Siku ya kwanza nilimdanganya jina. Nikasema naitwa Petro, ambalo ni jina la mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja hapa Maisaka. Akasema, "Sawa baba, hata jina si lazima, nitakupa namba." Akaongea mambo mengi kwa upole. Sikuyashika. Nilikuwa nasikia moyo wangu tu. Wakanitoa damu, wakasema nirudi baada ya wiki mbili.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa sokoni na Petro, tunachagua vitunguu. Yule mama akaja na kikapu chake, akasimama karibu kabisa, macho yetu yakakutana. Nilisahau hata shikamoo, nikamngoja yeye aseme neno, hata la kuuliza habari. Akanipita kama nguzo. Unajua kwetu mtu akikupita hivyo, ama ana kinyongo na wewe, ama amebeba habari ya msiba na hajui aanzie wapi. Petro akacheka, "Yule si mama wa vipimo? Mbona umemtolea macho kama mbuzi wa mnadani? Unamchumbia?" Wenye vitunguu wakacheka. Mimi jasho lilikuwa linanitoka. Nikajua ameyaona majibu yangu.

Nikawaza, mtu huyu ni mgeni kwangu, hana sababu ya kunionea huruma wala kunitunzia siri. Basi nimfanye ndugu. Nikaenda Nangara kwa mkulima mmoja, nikanunua jogoo mwekundu, mzito. Jumatatu nikamkumbatia nikaenda naye hospitali. Kwenye benchi watu walikuwa wamejaa, wote wameinama kama kanisani. Nilipokaa, mzee mmoja akasema, "Leo makubwa. Na jogoo naye kaja kupima?" Mama mmoja akadakia, "Muache, huyo ndiye mwenye wake wengi." Benchi zima likaangua kicheko, na jogoo akawika. Mimi sikucheka.

Nikaingia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu baba. Siku yako si wiki ijayo?"

Nikamnyooshea jogoo. Akamtazama, akanitazama mimi, akaweka mikono yake mapajani. "Asante sana, baba. Huyu rudi naye nyumbani."

Mama Neema, nilikaa chini sakafuni, si kwenye kiti. Nikasema, "Basi nimeshakufa."

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Sokoni ulininyima salamu. Leo unakataa mkono wangu. Nani anakataa jogoo, kama si wa mtu anayekwenda kuzikwa?"

Akainuka, akafunga mlango, akasogeza kiti chake karibu nami. "Majibu yako hayajarudi, baba. Mimi sijui kitu. Siku ya kwanza nilikuambia, ila naona hukusikia. Mji huu wote unaijua kazi yangu. Nikikusalimia mimi kwenye vitunguu, kabla jua halijazama watakuwa wameshakuzika. Kwa hiyo nje ya mlango huu nakungoja wewe. Ukinisalimia, nitaitikia kwa furaha. Ukinipita, sitakuuliza."

"Na jogoo?"

"Nikimla jogoo wako, utaona haya kuniambia jambo baya. Na anayekuja nyuma yako hana kuku. Atadhani kwangu huingia wenye kuku tu."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka tuwe ndugu. Akasema, "Ndugu unao, na wote umewaficha. Mimi si ndugu yako. Mimi usinifiche."

Hapo nikaanza kuongea. Nikamwambia jina langu. Nikamwambia habari ya yule mwanamke, ya Krismasi, ya wewe na mimba. Hakunikemea. Hakuniambia pole nyingi pia. Aliuliza tu, akangoja. Nilipomaliza akauliza, "Mkeo anajua lipi katika haya?" Nikasema hajui lolote. Nikamwomba akuandikie yeye, kwa mhuri wa hospitali, maana ungemheshimu. Akakataa. "Ana haki ya kujua, lakini wa kumwambia ni wewe. Nitakaa na wewe mpaka uyapate maneno. Barua yenyewe sitaiandika." Tukakaa. Akanieleza kwamba mama mjamzito akijulikana mapema kama anao ugonjwa, kuna dawa na maelekezo ya kumkinga mtoto wakati wa kuzaliwa. Akijulikana amechelewa, nafasi hiyo inapotea.

Ndiyo maana siwezi kungoja. Majibu yangu ni kesho saa tatu. Petro, niliyemwambia jana usiku, ananiambia, "Subiri kwanza ujue, unamtia mwenzako presha bure." Ana maneno ya busara, lakini hanijui. Najijua mimi. Nikiambiwa ni mzima, nitafurahi, nitanyamaza, na wewe utaishi na mwongo. Nikiambiwa ninao, nitapanda basi la kwenda machimboni, na hamtanisikia tena. Njia zote mbili wewe na mtoto mnabaki gizani. Kwa hiyo posta ikifungua tu naiweka barua hii, ndipo niende kwenye kile chumba. Ikishatoka mkononi mwangu sitakuwa na pa kukimbilia.

Ninaogopa, mke wangu. Naogopa ile karatasi, naogopa zaidi uso wako. Usiningoje mimi wala majibu yangu. Wiki hii hii nenda hospitali ya wilaya, uliza mshauri. Hata yangu yakiwa salama, wewe nenda. Ukimkuta ni mtu wa kukukemea, toka, urudi siku nyingine umtafute mwingine. Akiwa kama huyu wa hapa, mwambie yote, hata haya yangu, na ukitaka kunitukana mbele yake nitukane.

Msalimie mama, mpe shikamoo yangu, ila ya barua hii umwambie au umfiche, uamuzi ni wako. Kaka yangu mkubwa nampa shikamoo, mwambie shamba la bondeni alilime yeye mwaka huu. Shemeji zangu wote, na mchungaji, wasalimie. Neema mshike kichwani kwa niaba yangu.

Ukiona vema kunijibu, nijibu. Ukiona nisirudi kwako, niandikie hilo pia, nitalisoma mpaka mwisho kama wewe ulivyoisoma hii.

Ni mimi mumeo,
Elia, baba wa Neema na wa huyo aliye tumboni.