Jiwe la Mama Kule Chini

St. Lucia
Jumatatu, 10 Machi 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na yule mbuzi mkorofi, bado anakula nguo kwenye kamba? Mimi ni mzima, mzima kupita kiasi, maana hapa hotelini tunalishwa kana kwamba tunanenepeshwa kwa ajili ya Krismasi.

Najua umekasirika. Nimetoka Brooklyn, nimefika visiwani kwetu, na badala ya kuja Carriacou nimeshukia kwa watu. Nisamehe. Wauguzi wenzangu walipanga safari hii ya kupiga mbizi wiki nzima, chumba, chakula na boti vyote vimo, nami nikaona aibu kukataa baada ya kufundishwa miezi mingi kwenye bwawa. Jumapili tunarudi. Barua hii nampa Cuthbert wa shangazi, huyo huyo anayepakia mizigo kwenye ndege ndogo. Nijibu kupitia kwake.

Mama, nimeingia chini ya bahari. Usikunje uso, soma kwanza. Mgongoni nilikuwa na mtungi wa hewa, mdomoni bomba, miguuni mapezi ya mpira, na kiunoni mkanda mzito wa kunizamisha, maana mwanao kwa unene huu naelea kama kibuyu. Nilipotia uso majini nilipiga yowe ndani ya bomba. Halafu nikatazama. Loo, Mama! Kumbe miaka yote tumekaa juu ya paa la nyumba na hatujawahi kuchungulia ndani! Kuna samaki wa bluu wanaotafuna mwamba, na unawasikia kabisa, kru, kru, kama mzee anayekula mfupa. Kasa alinipita karibu hivi, akanitazama, akaona sina maana, akaenda zake. Nililia, na machozi yakajaa ndani ya miwani.

Jambo moja limenikaa moyoni. Leo kiongozi wetu, mtu wa hapa hapa aitwaye Fénelon, alitupeleka nje ya rasi ya kusini, mahali wanapopaita Kitanda. Ni lundo la mawe mchangani, refu, limechongoka mbele na kupanuka katikati. "Ni farumi," alisema tulipopanda juu. "Mawe ya kuitia mashua uzito. Mbao zimeliwa na wadudu wa bahari, mawe yamebaki vilevile yalivyopangwa. Kimbunga cha juzijuzi ndicho kilichofagia mchanga tukayaona. Mashua ya nani, hakuna ajuaye."

Mama, mawe yale ni meusi, ya mviringo, laini. Ni kama ya ufukweni kwetu. Huku hawana mawe ya namna ile.

Binti yako,
Merlyn


Windward, Carriacou
Jumanne, 11 Machi

Merlyn,

Marahaba. Goti linauma, mbuzi amekula kofia yangu ya kanisani, Mungu ni mwema. Wewe kula tu, usibakishe, maadamu kimelipiwa.

Hasira zangu umezijua vizuri, sitazirudia. Ongeza na hii: nilikukataza kukanyaga mashua yoyote tangu ulipokuwa mtoto wa shule, na leo waniambia umefungwa uzito kiunoni ukatoswa! Kwa hiari yako! Mwana una kichwa kigumu, na najua ulikirithi wapi.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena. Baba yako alipoijenga ile mashua na kuipa jina langu, Eutrice, alipanga farumi kwa mikono yake. Jiwe moja moja alilibeba kutoka ufukweni hapa. Siku ya kushushwa majini, mbuzi keshachinjwa, padri keshabariki, ngoma kubwa inalia, mashua ikaelea imelala upande wa kushoto. Watu wakaanza kucheka. Baba yako akaja mbio hadi jikoni kwangu, akanyanyua jiwe langu la kusagia mahindi, lile la bibi yangu, akaenda kulitia ngamani, tumboni mwa mashua, upande wa kulia, karibu na shetri kule nyuma. Mashua ikasimama wima. Mimi nikabaki sina cha kusagia. Nilimgombeza kwa jiwe lile mpaka siku aliyotweka tanga kwenda kisiwa cha St. Barths, na neno la mwisho aliloniambia pale ufukweni lilikuwa: "Nikirudi nitakuletea jingine, mke wangu, nyamaza."

Hakurudi. Sasa unajua wanachosema. Kwamba alionekana St. Barths na mwanamke, ananunua viatu. Asiyekuwepo na lake halipo, wakamtafuna watakavyo. Jiwe la kaburi ulilomnunulia liko chini ya kitanda changu mpaka leo, halina jina. Wajomba zako wananiambia, Eutrice, fanya sadaka, simika jiwe, ukoo utulie. Nitamsimikia jiwe mtu aliye hai? Hiyo ni kumuua kwa mikono yangu. Na kama amekufa, amekaa nje miaka yote hii bila kuwekewa sahani ya chakula, bila jina, anatangatanga. Sijui nimlilie au nimtukane, Merlyn. Nimechoka kutojua.

Jiwe langu ni la duara, pana kama sinia, lina tundu katikati. Ukingoni limemeguka pale punda alipolipiga teke. Nenda ukaangalie. Na ukipata kikohozi huko chini, usiniambie.

Mama yako,
mke wa baba yako


St. Lucia
Jumatano, 12 Machi

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, nisamehe, nina la kukwambia haraka.

Nilimwomba Fénelon anirudishe Kitanda. Akasema ratiba ya leo ni mahali pengine, penye samaki wa kuvutia wageni. Nikamsomea barua yako pale kwenye gati. Akawageukia wengine, akawaambia, "Leo tunabadilisha, na asiyetaka abaki aogelee na watoto."

Tulishuka polepole. Bluu juu, bluu chini, hujui kama unashuka au unapanda, na sauti ya pumzi yako mwenyewe ndiyo pekee inayokwambia kuwa ungali hai. Nilianzia mbele. Nanga ipo, Mama. Imezama mchangani mbali na mawe, na mnyororo bado umenyooka kuielekea. Fénelon anasema mtu aliyetupa nanga nje ya rasi ile alikuwa anapigania mashua yake mpaka mwisho. Mtu wa kutoroka hafanyi hivyo.

Kisha nikaenda shetri, upande wa kulia. Lipo. Limelala chali juu ya mengine, duara, na ukingo umemeguka pale pale. Jani la bahari la zambarau, pana kama feni, limeota kando yake, na ndani ya tundu wanaishi samaki wadogo wa dhahabu, wanatoka, wananitazama, wanaingia, kama watoto mlangoni. Niliweka kiganja juu ya maji yaliyo juu yake. Kugusa haturuhusiwi. Mama, mimi kila siku naona watu wakizaliwa na kufa, nikadhani sina tena cha kushangaa. Pale nilipiga magoti mchangani, mtungi na mapezi na yote, nikamsalimia Baba.

Sheria ya hapa ni kwamba hakitoki kitu majini. Lakini jiwe ni lako. Ukitaka nilipandishe, sema neno moja, nitagombana na yeyote.

Merlyn wako


Windward
Alhamisi, 13 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Jana nimelia, leo nimelia, mpaka mbuzi ananionea huruma. Nimelia kwa huzuni, na nimelia kwa raha pia, Mungu anisamehe. Kumbe hakununua viatu! Alikuwa njiani, na jiwe langu limemshikia mashua mpaka dakika ile.

Usilitoe. Wenye nyumba ni hao wadogo wa dhahabu sasa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yake ndiyo ile.

Lakini hajala. Cuthbert atakukabidhi kifurushi cha jani la mgomba. Ni sima ya mahindi ya shambani kwetu, haina chumvi, wafu hawali chumvi. Unajua desturi: wazee waliotutangulia hula kwanza, wakila ndipo nasi tunaruhusiwa. Iweke juu ya jiwe lile. Kama hawatakula, usinifiche.

Mama yako


St. Lucia
Ijumaa, 14 Machi, jioni

Mama,

Shikamoo. Keti kwanza.

Fénelon alipoona kifurushi aliuliza, "Hiki nini tena?" Nikamwambia ni chakula cha baba yangu. Akakuna kichwa. "Kulisha samaki ni marufuku," akasema, "na mimi ndiye ninayewakataza watu." Halafu akasema, "Bibi yangu naye alikuwa akiweka sahani. Tukifika chini nitakuwa natazama kule." Na kweli, alinipa mgongo, akawa anakagua mchanga mtupu kwa makini sana.

Nilifungua jani, nikaweka donge la sima juu ya tundu la jiwe lako. Halikutokea kitu. Samaki wa dhahabu walijificha. Maji yalitulia, hata zile kru kru zikanyamaza. Nikawaza, amekataa, bado ana hasira na sisi. Hewa yangu ilikuwa inapungua na Fénelon alikwisha kuinua kidole gumba kuniashiria tupande. Ndipo mmoja akatoka tunduni. Akadonoa. Kisha mwingine. Mama, wakaja kutoka kila upande: wa bluu, wa manjano, wenye milia, wakubwa hivi, ukuta mzima wa samaki, wakazunguka jiwe lile na kunizunguka mimi, mpaka sikumwona Fénelon wala boti wala jua. Mapezi yao yalinipapasa uso. Sikuogopa hata kidogo. Walipotawanyika, jiwe lilikuwa safi, halina punje.

Amekula, Mama. Na walioko naye wote wamekula.

Hiyo ndiyo mbizi yangu ya mwisho. Aliyepiga mbizi haruhusiwi kupanda ndege siku nzima, damu haijatulia, kwa hiyo kesho nitaketi tu ufukweni nikiangalia upande wa kwetu. Jumapili ndege ya Brooklyn.

Binti yako,
Merlyn


Windward
Jumamosi, 15 Machi, asubuhi

Merlyn,

Marahaba mwanangu. Goti limeamka zuri leo.

Jiwe la kaburi nimelitoa chini ya kitanda na kulilaza juu yake, limefunikwa shuka nyeupe, limemwagiwa ramu kama inavyopaswa. Mchongaji yuko nje anagonga jina sasa hivi, ndiyo kelele unayoisikia kwenye mwandiko huu. Wajomba wameleta ngoma. Yule mbuzi amekula nguo yake ya mwisho. Sadaka ni kesho, na binti wa marehemu ndiye anayebeba sahani ya kwanza, hakuna mwingine.

Waandikie hospitali kwamba una msiba. Ni kweli.

Kama ndege huruhusiwi, kuna mashua ya watu wetu inayotoka huko bandari ya Castries leo mchana, nimemtuma Cuthbert akuwekee nafasi. Ndiyo, nimesema mashua. Panda. Mkipita rasi ya kusini mwambie nahodha ashushe tanga kidogo, nawe umwambie baba yako kuwa jiwe jingine sihitaji tena.

Mama yako,
mjane wa Zakaria