Mashua ya Ockert na Kuku wa Hannes

Kwa dada yangu mpendwa Lenie,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na shemeji Hannes na hilo goti lake linalolalamika kila ukungu unapotanda mtoni. Mimi sijambo kabisa, hata nimenenepa. Ockert naye sasa hajambo, na hilo “sasa” utalielewa ukisoma mbele. Mjukuu wako je? Amechukua pua ya nani? Kama ni ya Hannes, tumwombee. Nakuomba jambo moja tu: bahasha iweke pembeni, usiuchunguze mhuri wa posta, na soma mstari kwa mstari bila kurukia mwisho. Nakujua wewe.

Siku tulipoondoka ulikuwa Worcester kwa mwanao aliyejifungua, kwa hiyo hukuona kitu. Najua Hannes amekwisha kukusimulia, na najua alivyosimulia. Sasa sikia yangu.

Ile mashua ilitoka uani kwetu siku ya Jumanne. Ilibidi tubomoe ukuta, na Ockert akaubomoa mwenyewe huku anapiga mluzi. Unakumbuka alianza kuichomelea Elmarie wetu alipoanza shule, na leo Elmarie mwenyewe ni mwalimu. Miaka yote hiyo nimeanika nguo kwenye kamba iliyofungwa kwenye bamba la chuma. Miaka yote hiyo Laaiplek nzima, mji wa wavuvi watupu, ikipita barabarani na kumwuliza mume wangu, fundi wa vyuma, kama bahari itakuja kumfuata uani, au ataifuata yeye. Ockert anacheka, anavaa miwani yake myeusi, anaendelea kutoa cheche. Mimi nilishona matanga kwa mkono wangu, nikajifunza kusoma ramani za bahari kwa yule mwalimu mstaafu, kwa sababu Ockert alisema kuizunguka dunia ni kazi ya watu wawili. Sikuitaka safari, Lenie, wewe unajua. Niliitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto, nikidhani mashua haitaisha.

Ikaisha. Kanisa likatuandalia chai ya kutuaga. Akina mama walileta jamu ya tini, biskuti kavu za kutosha jeshi, blanketi la viraka, na samaki wakavu waliofungwa vishadashada, harufu yao haijatoka chumbani hadi leo. Mchungaji akaomba. Ndipo Hannes akasimama, kipande cha keki mkononi, akasema yeye ameingia baharini tangu ana meno ya utoto, na anavyoiona hiyo mashua, itavuja kabla hatujalipita jiwe la ndege, pale mdomoni mwa mto. Akasema kopo ni kopo tu, hata ukilichomelea vizuri vipi, ila kwa banda la kuku litafaa sana. Watu walicheka hadi chai ikamwagika.

Ockert wangu hana maneno mengi. Lakini siku ile aliinuka, masikio mekundu, akamjibu mbele ya kanisa zima: “Hannes, nikirudi hapa bila kuizunguka dunia, lete kuku wako, mimi mwenyewe nitawafungulia mlango.” Wakapiga makofi, wengine wakapiga meza. Mimi sikupiga. Nilijua mume wangu amejifungia mlango wa nyumbani kwa mkono wake mwenyewe, kwa maana Ockert akishatamka neno mbele za watu, hufa nalo.

Tukaondoka asubuhi na matarumbeta ya kanisa. Watoto walikimbia ukingoni mwa mto mpaka mchanga ulipoishia. Ockert alishika usukani kifua mbele, na kusema kweli nililia, maana alikuwa anapendeza.

Basi maji usiyoyafika hujui kina chake. Kabla nchi haijapotea machoni, moyo ulimchafuka. Tukasema ni ile keki. Jioni akawa hawezi kusimama. Usiku akawa hawezi hata kumeza maji, na kesho yake alikuwa amelala chini sakafuni, shavu kwenye ukuta wa chuma aliouchomelea yeye, akiniomba nimsamehe. Nikampa tangawizi, nikampa vidonge, nikamfunga ule mkanda wa tumbo ulionipa wewe. Wapi! Kila wimbi lilikuwa linamwinua na kumtupa. Mtu aliyekaa miaka akiota bahari, Lenie, na bahari haimtaki hata kidogo.

Mashua, kwa upande wake, haikuvuja hata tone. Niliinua mbao za chini nikapapasa kote, pakavu kama jikoni kwako. Hilo mwambie Hannes polepole, na umwangalie usoni.

Mimi je? Hapa ndipo inaponiwia vigumu kuandika. Ilibidi nishike usukani, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Kwanza niliogopa sana. Kisha upepo ukatulia ukawa wa upande mmoja, matanga yangu yakajaa, hakuna mshono uliofumuka, na jua likachomoza upande wa nchi ambayo sikuiona tena. Nikashtuka nasikia mtu anaimba. Nilikuwa mimi. Mimi Dortjie, niliyekuwa nafunga pazia mvua ikinyesha! Mume wangu anataabika chini na mimi naimba juu. Niliona aibu, nikanyamaza, baadaye nikaanza tena.

Siku ya nne midomo yake ilipasuka na macho yakaingia ndani. Nikaona nikiendelea nitaizunguka dunia nikiwa mjane. Nikageuza usukani kuelekea nchi kavu bila kumwuliza.

Sasa chukua bahasha, utazame mhuri.

Naam, dada. Hondeklipbaai. Hatuko Brazili, hatuko hata kwenye kisiwa cha kwanza. Tuko hapa juu pwani ileile. Hannes akitoka na gari lake baada ya kifungua kinywa, jioni hiyohiyo tunakula naye. Tuko hapa tangu wiki ile ya kwanza, kwa mama mmoja mjane mwenye chumba cha nyuma, na mashua imefungwa gatini mbele ya macho yangu. Ile kadi niliyompa mtu akuletee, nilimoandika kwamba tuko salama na bahari ni pana, haikuwa na uongo ndani yake, ila nia yake ilikuwa uongo mtupu. Nisamehe.

Ockert alipona siku ileile alipokanyaga ardhi. Alipomaliza supu akalia. Akasema hawezi kurudi Laaiplek, heri tuuze mashua tuhamie mahali ambapo hatujulikani. Alikuwa anasema kweli. Mtu aliyezaliwa hapo, aliyezika wazazi wake hapo, alikuwa tayari kuuacha mji wake wote kwa ajili ya banda la kuku. Nilimbembeleza, nikamkemea, nikamwambia utani hauui. Akaniambia mimi sijui wanaume wanavyokumbuka.

Basi juzi likaja lori la chumvi kutoka kwetu. Ockert aliliona kwa mbali, akakimbilia ndani ya mashua akajifunika lile blanketi la viraka, mtu mzima na mvi zake. Mimi nilikuwa dukani, nikashusha kitambaa hadi kwenye nyusi na kujifanya nachagua vitunguu. Dereva alikuwa anamsimulia mwenye duka habari zetu. Alisema kwamba kila Jumapili, mchungaji anapowaombea walioko baharini, anatutaja kwa majina, Ockert na Dorothea, na kanisa lote linasimama. Akasema wa kwanza kusimama ni Hannes, na goti lake bovu. Anasimama kabla hata majina hayajatajwa, ameshika kofia, na akikaa anafuta macho kwa kofia hiyohiyo, na kila anayemtazama humwambia ni mafua.

Wewe ulilijua hilo, Lenie? Au nawe hujui, kwa sababu unafumba macho wakati wa sala kama inavyopasa?

Vitunguu viliniponyoka. Nilienda mashuani nikamfunulia Ockert blanketi, nikamwambia yote. Aliinuka akaketi. Kisha akasema, “Kanisa zima linamsumbua Mungu atutafute katikati ya bahari, na sisi tuko hapa tunakula viazi.” Akacheka kidogo, akaacha, akasema, “Hannes? Amesimama na lile goti?” Akaniuliza mara mbili. Halafu akaniambia nichukue kalamu.

Maneno yake ni haya, nayaandika kama alivyoyasema. Mwambie Hannes aanze kutafuta kuku. Na mwambie mchungaji asiache kutuombea, ila abadilishe, aseme wako njiani wanarudi.

Yangu mimi ni haya. Mashua lazima irudi nyumbani kwa maji, na kurudi kusini ni kupambana na upepo, siwezi peke yangu. Ockert hapandi tena, na simlazimishi. Kwa hiyo Hannes aje na gari lake. Ockert atarudi nalo nyumbani, atatungojea gatini adake kamba. Mimi na Hannes tutaileta mashua. Dada, nitakuambia wewe tu: ningeendelea. Kama ingekuwa mimi peke yangu, leo ningekuwa mbali sana, na nisingekuwa na huzuni hata kidogo, isipokuwa kumkosa yeye. Basi niachie safari hii fupi, niishibe.

Nisalimie Elmarie, umweleze taratibu. Wasalimie akina mama wa kanisa, waambie jamu ya tini imebaki kopo moja, blanketi limefanya kazi kubwa kuliko walivyokusudia. Mbusu mjukuu kwenye hiyo pua yoyote aliyonayo. Hannes mwambie alete koti zito na dawa ya goti, na jambo moja alielewe kabla hajawasha gari: kwenye mashua ile nahodha ni mimi.

Ockert yuko hapa begani kwangu, anasema kuku wawe wa mayai.

Mdogo wako akupendaye,
Dortjie