Dagaa Wako na Dubu wa Kwao Madame

Uccle, Brussels
Agosti 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Itikia kwa sauti, huenda nikaisikia huku. Goti linaendeleaje? Unalikanda kweli, au unamwambia tu kaka Hamisi kwamba umelikanda? Mimi ni mzima, vidole kumi na masikio mawili. Nakuhesabia hivyo kwa sababu najua kaka alikusomea kadi yangu akaongeza chumvi, na sasa Ujiji nzima inajua kuwa Zaituni analala na dubu.

Ukweli ni huu. Madame ninayemlelea mtoto ni mzaliwa wa Romania, na tangu mipaka ya kwao ifunguliwe, kila kiangazi huenda kulala kwenye mahema katika milima aliyokulia. Mwaka huu alinichukua nimwangalie Ileana, bintiye wa miaka saba. Nilipomweleza Mwajuma, rafiki yangu wa Bujumbura aliyepitia kambi ya wakimbizi kabla ya kufika huku, alicheka mpaka akashika ukuta. "Weye, wanakulipa kulala mu hema? Siye tulilalaka mule bure. Donc uwaambie watulipe na siye."

Dubu, mama, ni mnyama wa manyoya, mzito kuliko dume la ng'ombe la mjomba, na pua yake inanusa chakula kutoka mlima wa pili. Hana shida na mtu, shida yake ni tumbo. Kwa hiyo sheria za Madame zote ni za harufu. Unapika hatua mia kutoka kwenye hema. Nguo ulizopikia hulali nazo. Chochote kinachonukia, hata sabuni na dawa ya meno, kinaingia guniani na kuning'inizwa juu ya mti, mbali na shina, kama marehemu baba alivyotundika mizinga yake. Mkitembea mnaongea ili msimshtue, na mkikutana naye hamkimbii, mnarudi nyuma taratibu. Hilo la kuongea njia nzima sikuhitaji kufundishwa.

Sasa nikuambie kosa langu. Wale dagaa ulionitumia nilikuwa nao ndani ya hema, kwenye foronya ya mto wangu.

Usinilaumu kabla hujasikia. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilikaanga dagaa, jirani wa juu akaja kugonga mlango, na Madame akafungua madirisha yote na baridi ile, akasema kitu hicho kisipikwe tena nyumbani kwake. Tangu siku ile nawaficha chumbani, wamefungwa kwenye kipande cha kanga yako, nikizidiwa na ukiwa natafuna wawili watatu. Nilishindwa kuwaacha na nilishindwa kuwataja. Basi Madame alipopita na gunia jioni ya kwanza, nilitoa sabuni, nikatoa mafuta ya nazi, nikanyamaza.

Ileana alijilaza kando yangu, akanusa. "Zaituni, mto wako unanuka lile ziwa lenu." Kisha akanong'ona, "Sitamwambia mama."

Hapo ndipo nilipoogopa. Karatasi zangu za kukaa nchi hii zinamtegemea Madame, akinifukuza sina pa kusimama. Lakini mtoto wa watu alikuwa ameweka shavu karibu na dagaa wangu, tena yuko tayari kunitunzia siri. Nikakumbuka unavyosema, mficha uchi hazai. Jua lilikuwa halijazama. Nikatoka na kifurushi, nikampa Madame mkononi.

"Karibu na mtoto wangu, Zaituni?"

"Nimekosa. Niliona aibu."

Akawatia guniani, akalipandisha mtini mwenyewe. Nililala nikijiona nimeshafungasha.

Asubuhi tukakuta gome la ule mti limechanwa kwa kucha, na chini yake nyayo pana kama sahani. Gunia lilikuwa linaning'inia salama. Hema letu halikuguswa. Madame alitazama mti, akatazama hema, akaketi kwenye nyasi. Nikasubiri neno la kufukuzwa. Akanishika mkono.

"Aibu hiyo nilikupa mimi," akasema. Na baadaye kidogo, "Wanapikwaje?"

Tukawakaanga kwa kitunguu na nyanya, hatua mia kutoka kwenye hema. Ileana alirudia mara mbili. Madame alikula kwa adabu, nadhani hawapendi sana, lakini alimaliza.

Nisalimie mjomba na dume lake, shangazi anayeniombea mume kila Ijumaa, na mke wa kaka, mwambie mtoto akizaliwa asipewe jina la Dubu hata Hamisi akililia. Goti ulikande.

Na mama, ukituma dagaa tena, usiwafiche katikati ya nguo. Tuma mfuko mzima. Siku hizi wana chupa yao jikoni, kwenye rafu, karibu na chumvi ya Madame.

Mwanao, anayekula mezani,
Zaituni