Baba, Bingwa wa Ski Ni Mimi

Baba,

Huku kwetu mtaani Phillips theluji imeanza kuyeyuka, na mimi nina habari iliyonikaa kooni tangu Jumapili. Nimeshinda. Binti yako ndiye bingwa wa nchi nzima katika ule mchezo uliouita wazimu, wa kuteleza thelujini na mbao za ski, kuruka na kupinduka hewani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka kazini hospitalini Maplewood, hujabadilisha hata nguo, ukani-drive hadi kilimani? Wazazi wengine walipiga picha. Wewe uliogopa kutazama, ukageukia magari, ukamuuliza aliye karibu, "Amesimama?" Akisema ndiyo, ndipo unageuka na kupiga makofi kuliko wote.

Tulipokuzika, nilizitupa ski stoo. Sikutaka kuziona. Marafiki wa Mama kanisani walisema, "Afadhali. Huyu angevunjika shingo." Halafu asubuhi moja, msimu mzima umeshapita, nikakuta ski ziko mlangoni, zimefutwa vumbi, naye Mama amevaa koti lako. Mama, asiyependa baridi!

"Twende," akasema. "Mimi nitatazama. Macho yangu hayaogopi."

Nilianguka, Baba. Nilianguka sana. Siku niliyoteguka bega nililia ndani ya gari hadi vioo vikaingia ukungu. Mama alisubiri nimalize, kisha akauliza, "Ukipona, tunarudi lini?"

Jumapili, nikiwa juu kabisa, sikusikia watu. Niliruka, nikajipindua, na nilipogusa theluji miguu ikashika. Kuinua macho, namwona Mama amevuka uzio, anakimbia na viatu vya kanisani, anapiga vigelegele katikati ya umati ambao haujawahi kuvisikia. Mlinzi alimkimbilia amzuie. Alipomfikia, mlinzi mwenyewe akacheka tu.

Sasa najulikana. Picha yangu imetoka gazetini, na juzi dukani Maple Grove watu walipanga foleni niwatilie sahihi. Wale wa kanisani? Sasa ni, "Binti yetu huyo!" Lakini kilichoniliza ni watoto wa jengo letu. Wamekata maboksi, wanateleza nayo huko nyuma, wakigombana: "Leo ni zamu yangu kuwa Nyambura!"

Timu ya taifa imeniita nikafanye mazoezi milimani, magharibi. Nitaenda. Mama amesema nisipoenda atanifungia nje. Ila kwanza, Jumamosi hii nawapeleka watoto hao kilimani, kwenye theluji iliyobaki, wavae ski za kweli.

Pumzika, Baba yangu. Nakukosa hata ninapocheka. Kati ya watoto hao kuna msichana mdogo, mapengo matupu mdomoni, aliyenitazama usoni akasema akikua atanishinda. Nakuahidi nitamfundisha mpaka aweze.

Binti yako,
Nyambura