Wako Kule Nyuma

Mwanetu amepiga muziki uwanjani, mdogo wangu, na jina lake liko kwenye bango! Limeandikwa dogo, lakini mimi niliona hilo tu. Haya, hujambo? Shemeji hajambo? Mimi mzima, ila jua limenibabua pua.

Walimpa saa saba mchana. Kumbe watu wa muziki ule wa mitambo hutoka jua likizama, kwa hiyo tulikuwa mimi, muuza maji na mafundi wa nyaya. Nikacheza peke yangu, na kiuno changu unakijua! Muziki ukanyamaza ghafla, nikadhani umekwisha, nikapiga vigelegele. Kumbe ulikuwa unavuta pumzi tu, ukarudi kwa kishindo ukanimeza. Muuza maji akacheka, "Mama, hapa si harusini." Nikamwambia, "Aliye juu pale nimemzaa mimi. Kwangu ni harusi."

Aliposhuka akaniuliza, "Mama, umekuja na nani?"

Mdogo wangu, nyote mliniahidi. Nilikuwa nimetandika mkeka wa watu kumi. Nikajikuta nasema, "Tumekuja ukoo mzima, wako kule nyuma kivulini." Uso ukamng'aa. Akapunga mkono kule nyuma, akapunga tena, ndipo wenzake wakamwita.

Ameniagiza niwashukuru, kila mmoja kwa jina lake, na ndiyo maana naandika. Basi asante, wewe na shemeji. Atapiga tena. Mimi dada yako, mama wa mpiga muziki, nawangoja wote pale pale Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa saba mchana.